Ndoo ya Dagaa Chini ya Kitanda Changu

Harufu ndiyo iliyonishinda.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, umeme umekatika tangu usiku, feni imelala, na chumba changu kinanuka kama soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza, saa sita mchana. Nikapiga magoti, nikaivuta ile ndoo ya lita kumi iliyokaa chini ya kitanda miezi miwili. Ilikuwa ya jirani yangu. Nitamwita Mama Doto, ingawa hilo si jina lake na watoto wake si mapacha. Alinikabidhi akiwa anatoka sokoni Kirumba, akasema, "Dada, nitunzie hawa dagaa, bei ikipanda nitawafuata."

Bei ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Hakuwafuata.

Nia yangu ilikuwa kuwapunga upepo tu. Nikatandika kanga kuukuu sakafuni, nikaanza kuwamwaga. Ndoo ilipofika nusu kikadondoka kifurushi, mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu.

Sikupaswa kuufungua. Niliufungua.

Kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Vyeti viwili vya kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo. Dawa ya pumu ya kuvuta, ya yule mkubwa. Ufunguo mmoja mpya, wa kuchongesha. Simu ya kitochi isiyo na laini, chaja yake imezungushiwa mpira wa kufungia hela. Nakala ya kurasa za daftari la kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Noti za elfu mbili mbili na elfu tano tano, jumla elfu sitini na nne. Nilizihesabu, Mungu anisamehe. Na karatasi ya daftari la shule yenye namba nne za simu, bila jina hata moja.

Nikakaa pale sakafuni katikati ya dagaa. Miezi yote ile nilikuwa nikimsema moyoni: huyu mwanamke kwa nini hajipangi?

Soda tatu

Nyumba yetu ina wapangaji sita na haina dari. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakuitikia. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba sikujua. Sote tulijua kwamba mumewe anampiga. Tulikuwa tunaongeza sauti ya redio.

Mapema mwaka huu nikaona imetosha, nikaenda kwa mzee mmoja anayeheshimika mtaani. Sikumuuliza Mama Doto. Niliona aibu kumuuliza, halafu nikajiambia mtu anayezama haulizwi kama anataka kamba. Mzee akawaita wote wawili, akawaketisha, akanunua soda tatu. Akamwambia mume apunguze hasira, akamwambia mke apunguze mdomo. Mume akaomba radhi huku ameinamisha kichwa, vizuri kabisa. Wakapeana mikono.

Usiku ule haikusikika sauti yoyote kutoka chumbani kwao. Nikalala nikijipongeza.

Asubuhi alikuja bombani kuchota maji, sauti imekauka kama ya mtu aliyekesha kwenye mkesha wa kwaya. Kichwani mtandio, na mtandio umeshuka mpaka shingoni. Nikamwambia, "Mafua hayo, chemsha tangawizi."

Akaniangalia. Akajaza ndoo yake, akajitwisha. Kabla hajaondoka akasema polepole, "Dada, siku nyingine ukitaka kunisaidia, niulize kwanza."

Sentensi hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa sangara.

Swali nililokuwa naliuliza vibaya

Baada ya kuona kilichokuwa ndani ya ile ndoo, nikaenda kumtafuta mtu niliyesoma naye ambaye sasa ni afisa ustawi wa jamii. Sikutaja jina la mtu. Nikamweleza kwa mzunguko, kama tunavyofanya sote, "kuna rafiki yangu ana rafiki yake". Halafu nikauliza lile swali: kwa nini haondoki?

Hakunijibu. Akaniuliza la kwake: "Wakianza kugombana, yeye anakuwa upande gani wa chumba?"

Nikashangaa. Upande gani?

Ndipo akanieleza kazi yenyewe ilivyo. Mpango wa usalama, alisema, ni mambo anayoyapanga mtu ambaye bado yumo ndani, au anayejiandaa kutoka, au aliyekwisha kutoka na bado anafuatwa. Anapanga kwa kuwa yeye peke yake anajua hali ya hewa ya nyumba ile. Anajua ni siku gani za mwezi mambo huharibika. Anajua ile namna ya kuvua viatu mlangoni inayomwambia usiku utakuwaje. Mtu wa nje, hata awe na shahada, anachoweza ni kuuliza maswali mazuri na kutunza majibu.

Miongozo mingi huanza na ushauri kwamba ugomvi ukianza, toka jikoni penye visu, toka bafuni, nenda chumba chenye njia ya kutokea. Ushauri mzuri. Sasa mlete mwandishi wake huku kwetu, kwenye chumba kimoja ambacho ni jiko, ni sebule, ni kitanda cha watu wanne, na mlango ni huo huo mmoja, mume kausimamia.

Ndiyo maana, nilipoanza kutazama kwa jicho lile, niliona vitu nilivyokuwa nikivipita kila siku. Jiko la mkaa lilikuwa limehamia barazani tangu Machi, na mimi nilidhani ni joto. Panga la kufyekea lilihifadhiwa chumbani kwa bibi wa chumba cha nne, eti anaazima kila mara. Kigoda chake kilikuwa upande wa kitasa, mume akikaa upande wa dirisha. Alikuwa amekipanga upya chumba cha futi kumi kwa kumi na hakuna aliyegundua, hata mwenye chumba.

Na kulikuwa na chumvi.

Neno la kweli nimelibadilisha, kwa ombi lake, lakini ilikuwa hivi: mtoto mkubwa akija kugonga kwa bibi wa chumba cha nne na kusema "mama anaomba chumvi ya mawe", si chumvi ya kawaida, bibi alijua la kufanya. Mtoto anabaki kwa bibi, harudi. Watoto walishafundishwa kwamba kazi yao ni kukimbia na kusema neno, wasijiingize katikati kumtetea mama, kwa sababu ndivyo watoto wanavyoumia. Bibi naye haendi peke yake. Anakusanya wanawake wawili watatu, wanakwenda mlangoni na mabakuli, wanagonga kwa fujo, wanaomba moto, wanaomba unga, wanasimulia habari za msiba, mradi mlango ufunguke na kuwe na macho ya watu. Mambo yakizidi, mmoja anapiga 112.

Mimi sikuwamo kwenye mpango huo.

Mtaa mzima ulinijua kama mtu wa kutoa nasaha. Nimesimama kwenye kicheni pati zisizopungua kumi, nimewafunda mabinti wa watu kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Na jirani yangu alipochagua watu wa kuwaamini usiku wa manane, alimchagua bibi asiye na meno, akaniruka mimi. Kwangu alileta ndoo tu. Nilikasirika siku mbili nzima kabla sijakubali kwamba alikuwa sahihi.

Usiku usio na kelele

Nilimuuliza yule rafiki yangu wa ustawi kuhusu sauti iliyokauka. Nilitaja tu, kama jambo dogo.

Akaweka kalamu chini. "Alimkaba?"

Mtu akikabwa shingo hawezi kupiga kelele. Ndiyo sababu hatukusikia kitu. Mara nyingi pia ngozi haibaki na alama, kinachobaki ni sauti ya kukwaruza, maumivu ya kumeza, vidoa vyekundu machoni, pengine mkojo uliompita bila kujijua na ambao hatausimulia kwa mtu. Na anaweza kuzidiwa saa nyingi baadaye, au hata siku kadhaa, akiwa anaonekana mzima. Huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kuchemshiwa tangawizi.

Kuna muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, aliyetunga miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima kama mwanamke yumo katika hatari ya kuuawa na mwenzi wake. Je, ana silaha? Amewahi kutishia kukuua? Anakufuatilia? Vipigo vimezidi mwaka huu? Amewahi kukukaba? Utafiti aliohusika nao, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kukabwa na wenzi wao, uwezekano wa kuja kuuawa ulikuwa zaidi ya mara saba ukilinganisha na wasiowahi. Na orodha hiyo inauliza pia kama umemwacha. Kipindi cha kuondoka, na wiki zinazofuata, ndicho chenye hatari kubwa kuliko vingine.

Nikarudi kwenye swali langu la kishujaa, kwa nini haondoki. Alikuwa anajua asichokijua mwenye kuuliza.

Mzee wa soda tatu simlaumu sana. Alifanya alichofundishwa, kuwaweka chini watu waliogombana. Lakini kuwaketisha pamoja mpigaji na mpigwaji, ukamtaka mpigwaji aseme mbele yake yaliyomsibu, ni kumpa mpigaji orodha ya mambo ya kulipiza akirudi nyumbani. Na orodha ile niliibeba mimi.

Laini ya nani?

Hili la simu lilinichukua muda kulielewa. Kwa nini kitochi, wakati ana simu nzuri ya kugusa?

Kwa sababu laini ya simu nzuri ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Laini ikiwa kwa jina la mtu mwingine, mwenye jina ndiye mwenye laini. Anaweza kwenda kuifunga, anaweza kwenda kuirudishia kwenye kadi mpya, na salio lako likahama nayo. Wanawake wangapi huku kwetu wanatembea na fedha za biashara kwenye laini ya mume kwa kuwa siku ya kusajili namba yao ya NIDA ilikuwa haijatoka? Ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama Doto alipiga kwa simu ya mtu, akakuta hana laini hata moja duniani.

Zile namba nne zisizo na majina alikuwa anazikariri. Nilimsikia mara nyingi akizinong'ona akifua, nikadhani anahesabu nguo.

Karatasi

Kuhusu sheria sitakaa sana, mnayajua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Ina zaidi ya miaka 50 na bado kwenye sherehe zetu tunacheka tukisikia "fimbo ya upendo". Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. PF3 ni ile fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza majeraha, na baadaye mahakamani ndiyo inayoongea wakati wewe umepoteza sauti. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi unawakuta mahali pamoja. Kwa mambo ya watoto kuna 116, bure. Na hapa hapa Mwanza shirika la Kivulini limekuwepo tangu 1999, kwa hiyo anayesema mazungumzo haya yameletwa na mitandao juzi, amechelewa.

Kilichonigusa ni zile nakala za kikoba. Kwa nini mtu anayekimbia roho yake abebe hesabu za hisa?

Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambayo wanasheria wetu wanaijua kama sala ya Baba Yetu. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuambulia mgao, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa mtaji akautumia vibaya. Lakini mlango aliufungua, na wengi wamepita. Mama Doto hakuisoma kesi hiyo. Alijua tu kwamba kile kiwanja chao cha Kishiri kilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na kwamba siku moja kutakuwa na mtu atakayemwambia "thibitisha". Akatoa nakala kwa shilingi mia mia, akazizika chini ya dagaa.

Huyo ndiye niliyekuwa namwita asiyejipanga.

Kuvuka

Kwao ni ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Zamani ukitaka kukimbilia kule ulikuwa na kivuko, cha Kamanga pale mjini au cha Kigongo kwenda Busisi. Kivuko kina saa zake, kina foleni, kina wauza maji na karanga wanaokujua. Unakaa kwenye benchi na watoto na mabegi, na kila anayepita anauliza, "Safari ya wapi, mama?" Mume ana muda wa kutosha wa kukufuata akiwa amekunywa na chai.

Juni 2025 likafunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache, usiku au mchana. Sote tulipiga picha. Mimi nikamwambia Mama Doto siku ile, kwa mafumbo, "Sasa kwenu ni karibu."

Akajibu, "Karibu kwangu, karibu na kwake."

Tena kwao kuna ng'ombe wa mahari. Walishapokelewa, wengine walishatumika kumwozesha kaka yake. Mara mbili alirudi kwao, na mara mbili baba yake alimrudisha yeye mwenyewe, na mbuzi juu, kuomba radhi. Kwa hiyo kwao ndipo mahali pa kwanza mume angekwenda kutafuta, na ndipo mahali pa mwisho pa kwenda. Sisi tunaowaambia wanawake "rudi kwenu" tunazungumza kama vile kila "kwenu" ina mlango ulio wazi.

Basi akaenda wapi?

Alichonificha

Siku sitaitaja. Alikuja asubuhi, mume yuko kazini, watoto wamevaa sare kama wa kwenda shule. Hakubeba begi. Akaniomba ndoo. Nikamtolea, nikiwa nimeshawarudisha dagaa juu ya mfuko kwa ustadi wangu wote.

Akatia mkono, akawagusa. "Dada, uliwamwaga."

Nikasema harufu.

"Sawa," akasema. "Fundo nilifunga matatu. Hapa yako mawili."

Sikuwa na la kusema. Akauingiza mfuko kwenye kikapu, akauwekea mchicha juu. Nikamuuliza unakwenda wapi, nikasisitiza, nikasema mimi ni kama dada yako. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya kwa mfiwa, akaondoka bila kunijibu.

Iliniuma. Iliniuma wiki nzima, na ndicho kilichonikosesha usingizi hadi leo ninapoandika. Kuna wakati nilitaka kumwona hana shukrani. Baadaye akanipigia, mara moja, namba ngeni. Wazima wote. Shule mpya imeshaambiwa ni nani tu anayeruhusiwa kuwachukua watoto. Nikamuuliza kama naweza kuandika, akacheka kwa ile sauti yake ambayo haijarudi sawasawa, akanipa masharti yake, na nimeyafuata.

Sikumuuliza tena yuko wapi.

Jioni ya kesho yake baada ya kuondoka, mume alikuja kwangu. Hakuja na fujo. Alisimama mlangoni, shati halikupigwa pasi, macho mekundu. "Shemeji, habari za jioni. Mama Doto hajakuaga?"

Nikamwambia hajaniaga. Anakwenda wapi sijui. Ikanitoka mdomoni laini, bila kutetemeka, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo nilipoelewa alichonifanyia kwa kunyamaza.

Macho yake yakazunguka chumba, yakashuka chini ya kitanda. "Ile si ndoo ya mke wangu?"

"Ni yake. Aliniachia dagaa niuze."

Akanyamaza muda mrefu. Nilisikia bibi wa chumba cha nne akikohoa, kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

"Nipimie basi," akasema. "Tangu jana sijala."

Nikaivuta ndoo. Nikachota bakuli moja, nikalisawazisha kwa kiganja kama Mama Doto afanyavyo sokoni, mkono ukatoa nyongeza wenyewe kwa mazoea. Akauliza shilingi ngapi.

Nikamwambia elfu moja. Akalipa.